Tarishi Mwenye Tarbushi



Jumamosi iliyopita niliingia darasa la wakubwa nikiwa na picha moja tu mkononi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, na kusema kweli nilitafuta somo jepesi: watoto watazame picha, waieleze kwa Kiswahili, twende nyumbani. Picha yenyewe ni ya mchoraji wa Kigiriki wa karne ya 19. Inamwonyesha mtu aliyeitwa kavasi, yaani tarishi na mtumishi wa wakubwa katika zama za Dola ya Osmani, ile dola kubwa ya Waturuki.

Nikauliza, "Huyu ni nani?" Majibu yakaja mbio. Mmoja alisema ni mfalme, kwa sababu ya mavazi. Mwingine alisema ni askari, kwa sababu ya silaha kiunoni. Mwingine akasema ni mtu wa kwenye filamu ya Aladdin. Nilipowaambia kwamba kazi yake ilikuwa kupeleka barua na kusimama mlangoni, kijana mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ni mtu wa kuleta vifurushi tu!"

Darasa zima likacheka, isipokuwa mtoto mmoja. Baba yake anaendesha gari la kupeleka vifurushi siku sita kwa wiki. Aliinamisha kichwa akaanza kuchorachora pembeni mwa daftari. Muda ulikuwa umekwisha, wazazi wako nje wanasubiri, nami sikusema neno. Ila lile neno "tu" nilikwenda nalo hadi nyumbani, na usingizi wangu wa mchana likanikatisha.

Basi makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Wazazi, naomba muyasome pamoja na watoto. Mahali penye maneno magumu, wasaidieni.

KAVASI ALIKUWA NANI?

Tuanze na jina. Kavasi ni neno la Kituruki lililotoka katika Kiarabu. Kwa Kiarabu "qaws" ni upinde, na "qawwas" ni mtu wa upinde, mpiga mishale. Mabaharia wetu wa zamani walilijua neno hilohilo kwa njia ya nyota: kundi la nyota la Mshale waliliita Kausi. Kwa hiyo kavasi wa mwanzo kabisa alikuwa askari wa upinde. Baadaye bunduki zikaja, upinde ukawekwa kando, lakini jina likabaki. Akawa mlinzi wa karibu wa waziri au gavana, mtu wa kusimama mlangoni, wa kutangulia mbele ya msafara, na wa kutumwa panapohitajika mtu mwaminifu.

Katika karne ya 19 kazi hiyo ilipata mwajiri mpya. Nchi za Ulaya zilikuwa na mabalozi mjini Istanbul, na makonsuli wao walikaa katika miji ya bandari kama Izmir, Thesaloniki, Beirut na Aleksandria. Konsuli alikuwa mgeni. Mara nyingi hakujua lugha ya watu wala mila zao. Kwa hiyo alihitaji watu wawili wa karibu. Wa kwanza ni mtarjumani, wa kumfasiria maneno. Wa pili ni kavasi, wa kumfungulia njia. Angalieni, hata "tarjuma" ni neno letu pia, tumelipata kutoka Kiarabu kama walivyolipata Waturuki.

Konsuli alipotoka kwenda kumwona gavana, kavasi alitangulia. Alibeba fimbo ndefu na nzito, akipiga nayo chini kwa mwendo wa hatua zake, ili watu wasikie na wapishe. Konsuli alipoandika barua kwa gavana, kavasi ndiye aliyeichukua. Hakuitupa mlangoni akaondoka. Aliipeleka mpaka kwa anayehusika, akasubiri jibu, akarudi nalo. Alitakiwa kujua ni nani wa kumwamkia kwanza, avue viatu wapi, aseme nini na anyamaze wapi. Wengi wa makavasi walitoka Albania na nchi za jirani zake, na watu wa huko walisifika kwa ushupavu.

Namna ya kumtambua kavasi ni mavazi yake. Kichwani alivaa tarbushi, ile kofia nyekundu ngumu yenye kishada. Kiunoni alifunga mshipi mpana wa kitambaa, na humo huchomekwa kisu au bastola. Ubavuni kulikuwa na upanga. Koti lake lilitariziwa kwa nyuzi zinazong'aa. Ndiyo maana yule mtoto wetu alidhani ni mfalme. Hakukosea sana: mavazi yale yalikuwa ya heshima ya bwana wake. Watu walimwona kavasi kabla hawajamwona konsuli, kwa hiyo alivishwa ili aseme kimyakimya, "Anayekuja nyuma yangu si mtu mdogo."

Kuhusu tarbushi, kuna jambo la kuwafurahisha watoto. Mnamo miaka ya 1820 Sultani Mahmud wa Pili aliwavalisha askari na maofisa wake tarbushi badala ya kilemba. Kilemba kilikuwa kikionyesha cheo, dini na kazi ya mtu. Tarbushi iliwafanya wote wafanane. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1925, serikali mpya ya Uturuki chini ya Mustafa Kemal Atatürk ikaipiga marufuku tarbushi hiyohiyo, ikitaka watu wavae kofia za Kizungu. Kofia iliyoletwa kama usasa ikaondolewa kwa sababu imekuwa ya kizamani! Kwetu pwani iliendelea vichwani mwa wazee wengi, na askari wa jeshi la King's African Rifles nao waliivaa.

BARUA ZILISAFIRI VIPI?

Watoto wa leo hutuma ujumbe kabla chai haijapoa. Kwa hiyo tueleze kidogo.

Katika Dola ya Osmani barua za serikali zilibebwa na matarishi wapanda farasi walioitwa "tatar". Njiani kulikuwa na vituo vya kubadilishia farasi. Tarishi alifika na farasi aliyechoka, akapanda mwingine aliyepumzika, akaendelea. Farasi walipokezana, mtu hakuwa na wa kumpokea, na barua haikutoka mikononi mwake. Barua hizo zilikuwa za serikali. Mtu wa kawaida aliyetaka kumwandikia ndugu yake alimtafuta msafiri anayeelekea huko, kama wazee wetu walivyowapa barua mabaharia wa majahazi au utingo wa basi.

Mwaka 1840 dola ilianzisha wizara ya posta kwa ajili ya watu wote. Mwaka 1855, wakati wa Vita vya Krimea, simu za maandishi za kupitia waya zikaanza. Mwaka 1863 zikatoka stempu za kwanza. Kwa hiyo mchoraji alipokuwa akimchora kavasi, dunia ya mtu huyo ilikuwa tayari inabadilika. Maneno yalianza kupita kwenye waya. Hata hivyo waya haukuweza kupiga fimbo chini, wala kusimama mlangoni usiku, wala kumtazama mpokeaji usoni na kurudi kueleza alivyokunja uso aliposoma.

KWA NINI MGIRIKI AMCHORE?

Hapa ndipo picha inapokuwa na uzito. Wagiriki wenyewe walitawaliwa na Waturuki kwa karne nyingi. Walianza vita vya kudai uhuru mwaka 1821, na mwaka 1830 mataifa makubwa ya Ulaya yakautambua uhuru huo. Mfalme wao wa kwanza, Otto, alikuwa kijana kutoka Bavaria, nchi ya Wajerumani. Kwa njia hiyo vijana wa Kigiriki wenye kipaji cha kuchora wakaanza kwenda kusoma Munich, mji mkuu wa Bavaria. Hadi leo wachoraji wa kizazi hicho huitwa watu wa "Shule ya Munich".

Wawili kati yao walitoka kisiwa kimoja kidogo, Tinos, kinachojulikana kwa mafundi wa kuchonga marumaru. Nikiforos Lytras alizaliwa mwaka 1832, akasoma Munich, kisha kuanzia mwaka 1866 akawa mwalimu wa uchoraji mjini Athens kwa miaka mingi. Nikolaos Gyzis alizaliwa mwaka 1842, akaenda Munich, akawa profesa hukohuko na kufia huko mwaka 1901. Mwaka 1873 marafiki hawa wawili walifunga safari kwenda Asia Ndogo, ambayo ilikuwa bado chini ya Waturuki, wakachora watu, nguo na nyuso walizoziona. Mwingine, Theodoros Ralli, alizaliwa Istanbul kwenyewe mwaka 1852, akasomea Paris, na aliifahamu vizuri Misri.

Sasa fikirini. Mtu ambaye babu yake alipigana na dola ile, anachukua brashi na kumchora mtumishi wa dola ileile. Hamchori kama jitu la kutisha. Anamchora nyuzi kwa nyuzi, mpaka kishada cha tarbushi. Labda kwa sababu watu hawa walikuwa majirani. Waligombana na walipigana, lakini pia walinunua samaki soko moja, walikunywa kahawa ya namna moja, na walikopana maneno. Sisi watu wa pwani tunajua habari hiyo. Wareno, Waomani, Wahindi, Wajerumani na Waingereza wote walipita kwetu, na leo tunasema meza, sahani, gari, shule na baiskeli bila kukumbuka nani alituletea lipi.

Lakini niwatahadharishe jambo moja, hasa wakubwa wa darasa: picha si ushahidi wa mahakamani. Wachoraji wa zama zile mara nyingi walinunua mavazi na silaha sokoni, wakayaweka katika chumba chao cha kazi, wakamvika mtu wa kukodi, wakamchora. Wanunuzi wa Ulaya walipenda "mambo ya Mashariki": mazulia, panga, moshi wa shisha. Kwa hiyo mbele ya picha yoyote tuulize maswali matatu. Nani aliyechora? Alimchorea nani? Na aliyechorwa angesema nini kama angeulizwa?

Mfano mzuri ni picha ya Gyzis iitwayo "Shule ya Siri", ya miaka ya 1880. Inaonyesha watoto wa Kigiriki wakifundishwa na padri mzee mahali pa kificho, wakati wa utawala wa Waturuki. Wagiriki waliipenda mno, mpaka ikachapwa kwenye noti yao ya drakma 200. Ila wanahistoria walipochunguza hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba shule za namna hiyo zilikuwapo kweli. Picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu waliifanya kumbukumbu. Nasi tukiwa shule ya Jumamosi, inayokutana kwenye ukumbi wa kuazima na kufundisha lugha ya nyumbani ugenini, tuna sababu ya kuipenda pia. Lakini kupenda ni jambo moja, na kuhakikisha ni jambo jingine.

NI MTUMISHI AU MTUMWA?

Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa mtumwa?" Swali zuri, na nililijibu nusu tu.

Kavasi hakuwa mtumwa. Aliajiriwa, alilipwa, alibeba silaha, na aliweza kuacha kazi. Tena kavasi wa konsuli alikuwa chini ya ulinzi wa nchi ya kigeni, hata wakubwa wa mji walifikiri mara mbili kabla ya kumgusa.

Lakini katika dola hiyohiyo watumwa walikuwapo, na wengi walikuwa Waafrika walionyakuliwa makwao. Mwaka 1857 Sultani alitoa amri ya kuzuia biashara ya watumwa Waafrika, ila aliliacha nje eneo la Hijazi, ambako Makka na Madina ziko, na kwingineko biashara iliendelea kwa kificho. Mwaka uleule wa 1873 ambao Lytras na Gyzis walisafiri, kwetu Unguja Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Gyzis naye, katika miaka hiyo, alichora picha ya soko la watumwa. Karibu na Izmir, eneo walilolitembelea wachoraji hao, hadi leo wanaishi Waturuki wenye asili ya Afrika. Ni wajukuu wa watu waliofikishwa kule kwa nguvu, na wanazungumza Kituruki kama mama zao.

Sasa tazameni lugha yetu. Neno "mtumwa" limetoka katika kitenzi "tuma". Mtumwa ni mtu anayetumwa. Lakini katika mzizi huohuo tuna mtume, yaani mjumbe wa Mungu. Tuna mtumishi na utumishi. Tuna tume, kama Tume ya Uchaguzi. Tuna tumia, matumizi na tumika. Tofauti kati ya mtume na mtumwa ni sauti kidogo mwishoni, lakini mmoja tunamtaja kwa heshima kuu, na mwingine alinyimwa hata jina lake. Maana yake nini? Kutumwa peke yake si aibu wala si utukufu. Kitu cha kuuliza ni hiki: Je, aliyetumwa alikubali? Je, alilipwa? Je, aliweza kusema hapana? Asipoweza kusema hapana, huo ni utumwa, hata akivikwa hariri. Akiweza, hiyo ni kazi, hata kama viatu vyake vimechanika.

Wazee wetu walisema pia, mjumbe hauawi. Walijua kwamba anayebeba neno hubeba roho yake mkononi, kwa hiyo wakamwekea ulinzi ndani ya methali.

NENO MOJA LILILOSAFIRI MPAKA KWETU

Kabla sijasahau, hapa kuna zawadi kwa watoto wanaopenda maneno. Nani hajasikia neno "afande"? Polisi akikusimamisha Dar es Salaam au Nairobi, unamwita afande. Neno hili limetembea kuliko sisi sote.

Mwanzo wake ni Ugiriki. Wagiriki walikuwa na neno "authentes", mwenye mamlaka, bwana. Mdomoni mwa watu likalainika likawa "afentis". Waturuki wakalichukua wakasema "efendi", wakamwita hivyo mtu msomi au ofisa. Likaenda Misri pamoja na utawala wao, na kutoka Misri likaingia katika jeshi la Sudani. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri. Walikuja na vyeo vyao vya Kituruki: efendi, shaushi, ombasha. Upande wa Uganda na Kenya, Waingereza nao waliwachukua Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha. Baadhi ya vizazi vyao ni Wanubi wa Kibera.

Shaushi na ombasha wamebaki vitabuni. Efendi akawa afande, akabaki barabarani. Kwa hiyo Mtanzania anaposema "Samahani, afande," anatumia neno la Kigiriki lililovaa tarbushi ya Kituruki na viatu vya askari wa Kisudani.

BABA YANGU ALIKUWA TARISHI

Sasa nirudi kwenye lile "tu".

Baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali Tanga. Alivaa kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, akapanda baiskeli, nyuma kuna mkoba wa ngozi wenye bahasha na daftari la kusaini. Kila aliyepokea barua alitia saini. Jioni daftari lile alilipitia mstari kwa mstari kabla ya kula.

Nilipoingia kidato cha kwanza tulipewa fomu, na mahali pa "kazi ya mzazi" nikaandika "afisa". Wenzangu walikuwa watoto wa madaktari na wafanyabiashara, nami niliona haya. Siku ya wazazi baba akaitwa kutia saini fomu ileile. Aliisoma yote, akatia saini, hakusema kitu. Tulipokuwa njiani, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli, akasema bila kugeuka, "Mwanangu, leo umenipandisha cheo bila barua." Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nililia mgongoni kwake mpaka nyumbani.

Baadaye mama alinisimulia habari ambayo baba mwenyewe hakuwahi kuitaja. Siku moja jioni ofisi ikiwa inafungwa, iliingia simu ya maandishi kwa karani aliyekuwa likizo kwao, upande wa Pongwe. Mtoto wake amelazwa Dar es Salaam, hali si nzuri. Ingeweza kusubiri asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba aliifunga ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya shati, akapanda baiskeli. Yule karani akawahi basi la usiku, akamkuta mwanawe yu hai, na mtoto akapona. Kila Idi sinia la vitumbua lilikuwa likija nyumbani kwetu. Mimi nilivila miaka yote bila kujua vimetoka wapi.

Leo mimi ni muuguzi. Hospitali ninayofanya kazi ina watu wanaopita mbio kwenye korido wakibeba masanduku madogo. Wageni hawawaoni kabisa. Ndani ya masanduku mna damu. Daktari anaweza kuwa na shahada kumi, nami naweza kuwa nimeshaweka sindano kwenye mshipa wa mgonjwa, lakini yule mtu asipofika na ile damu, sote tunasimama tukitazamana. Nimeshawahi kusimama hivyo. Dakika zile ni ndefu. Mlango unapofunguka na yule mbeba sanduku akaingia, hakuna mtu chumbani anayesema "ni mtu wa kuleta tu".

Kwa hiyo, mwanangu uliyeinamisha kichwa Jumamosi, baba yako ni ndugu wa kavasi, ndugu wa tatar mpanda farasi, na ndugu wa marehemu babu yangu wewe, maana baba yangu ni babu yenu nyote hapa shuleni. Wakati wa korona, sisi tulipofungiwa ndani, dawa za wazee wetu na vyakula vyetu vilifika mlangoni kwa mikono ya watu kama yeye. Na wewe kijana uliyecheka, sikukasirikii. Hata mimi niliandika "afisa".

KAVASI YUPO HADI LEO

Msidhani kazi hii imezikwa. Yerusalemu, ndani ya mji wa kale, makavasi wapo hadi leo. Maaskofu wakuu wa makanisa wanapokwenda ibadani katika sikukuu, mbele yao hutangulia wanaume wenye tarbushi nyekundu, upanga ubavuni, na fimbo ndefu. Wanapiga fimbo kwenye mawe ya njia, wote kwa pamoja, na watu wanapisha. Dola ya Osmani ilikwisha mwaka 1922, lakini mlio wa fimbo zile bado unasikika.

KAZI YA NYUMBANI

Watoto wa darasa la wadogo: choreni mtu anayeleta kitu nyumbani kwenu. Andikeni chini yake sentensi moja kwa Kiswahili: "Huyu ni ..., analeta ..."

Darasa la kati: tafuteni maneno matano yenye mzizi wa "tuma". Yatungieni sentensi. Bibi na babu kwenye simu wanaruhusiwa kusaidia.

Darasa la wakubwa: muulizeni mzazi wenu maswali matatu. Kazi yako ya kwanza katika nchi hii ilikuwa ipi? Ulibeba nini? Ni nani angeteseka kama usingefika? Andikeni majibu kama alivyoyasema, msiyapambe.

Wazazi, nanyi mna kazi. Tafadhali wajibuni kweli. Wengine wetu tulikuja na vyeti tukaanza kwa kufagia. Wengine tunaendesha magari usiku. Wengine tunawaogesha wazee wa watu. Tukiwaficha watoto, watajifunza kuona haya kabla hawajajifunza Kiswahili.

Jumamosi ijayo picha ya kavasi itakuwa ukutani. Pembeni yake nitaacha nafasi kwa majibu yenu. Na kama kuna mzazi dereva wa vifurushi mwenye nusu saa ya kukaa nasi na kutueleza siku yake inavyokwenda, tangu anapopakia gari alfajiri, anakaribishwa sana. Chai na maandazi vitakuwapo.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa